Mvinyo mtamu wa mavuno ya kuchelewa: kwa nini ulionja sukari tupu

Swali la msomaji: "Nilizawadiwa chupa ndogo ya mililita 375 ya mvinyo mweupe mtamu wa zabibu za Riesling. Una miaka minane, lebo inasema ni wa mavuno ya kuchelewa, alkoholi asilimia 9. Mara ya kwanza tuliunywa na keki ya chokoleti, ukawa mwepesi na mchachu kama maji ya limau. Kesho yake nikautoa kwenye friji, nikajaza kibilauri kile cha pombe kali, nikaona sukari tupu. Rangi yake ni dhahabu iliyokolea, chini ya chupa mna chembe nyeupe kama chumvi, na unanukia mafuta ya taa kwa mbali. Je, umeharibika? Na kama haujaharibika, watu wanausifia nini? Nusu chupa bado ninayo."

Ndugu yangu, mvinyo wako haujaharibika. Kwa maelezo yako, nadhani una chupa nzuri kuliko unavyodhani, na nimefurahi kwamba nusu yake bado ipo.

Nianze na zile chembe. Ni asidi ya tatariki, asidi kuu ya zabibu, iliyoshikana na potasiamu ikaganda mvinyo ulipokaa kwenye baridi. Ukiitafuna moja inalia kama mchanga na ina uchachu kidogo, basi. Haina madhara. Wengi hudhani ni sukari iliyojitenga au vipande vya kioo, na chupa nyingi nzuri zimemwagwa kwa hofu hiyo. Isimamishe chupa wima saa chache, mimina polepole, na funda la mwisho uliache humo humo.

Harufu ya mafuta ya taa ni alama ya Riesling iliyokomaa. Inatokana na kitu kinachoitwa TDN, ambacho hujitengeneza taratibu ndani ya chupa kutokana na karotini za zabibu, na huzidi pale zabibu zilipopigwa na jua kali shambani. Wapo wanaoifuata harufu hiyo kwa mapenzi, wapo wasioweza kuivumilia. Mimi naipenda ikiwa nyuma ya matunda. Rangi nayo ni ya umri wake: Riesling changa huwa ya manjano hafifu yenye ukijani ukingoni, na miaka inavyopita huelekea dhahabu. Ungeniambia umekuwa wa kahawia na unanuka tufaha lililokatwa likaachwa mezani, hapo ningekuwa na wasiwasi.

Sasa tuje kwenye hayo mawili uliyoyaonja, maana jibu la swali lako kubwa limo humo.

Keki ya chokoleti ni tamu kuliko mvinyo wako. Ulimi ukishashiba sukari ya keki, ile ya mvinyo hauioni tena, kinachobaki ni uchachu. Ndiyo limau uliyoisikia. Siku ya pili hakukuwa na keki, lakini friji ya nyumbani hukaa karibu na nyuzi 4 za Selsiasi, na kwenye baridi hiyo manukato hayanyanyuki. Juu ya hapo, kibilauri kilichojaa mpaka ukingoni hakiachi nafasi ya harufu kukusanyika. Ulimi peke yake haujui pichi, haujui asali, haujui ganda la chungwa. Unajua utamu, uchachu, chumvi, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Yaliyobaki yote ni kazi ya pua. Mara ya kwanza mvinyo ulinyang'anywa utamu wake, mara ya pili ukanyang'anywa harufu yake, na hujapata bado kuuonja ukiwa mzima.

Ukitaka kuliona hili mwenyewe, bana pua kwa vidole, chukua funda dogo, lizungushe mdomoni. Utapata utamu na uchachu, kama maji ya sukari yenye ndimu. Bado funda likiwa mdomoni, achia pua na utoe pumzi kupitia puani. Matunda yatafika yote kwa mpigo. Jaribio hili linamfundisha mtu kuonja kuliko maelezo yangu yote.

Kabla ya kukuelekeza namna ya kuionja hiyo nusu iliyobaki, ni vizuri ujue sukari hiyo imefikaje humo. Kwa mvinyo mtamu ulio bora, hakuna aliyetia kijiko cha sukari. Zabibu ziliachwa juu ya mzabibu baada ya mavuno ya kawaida kupita, pengine wiki kadhaa. Maji yanapungua ndani ya tunda, ganda linaanza kusinyaa, sukari inakolea, na harufu inatoka kwenye limau na tufaha bichi kwenda kwenye pichi, aprikoti na asali. Mkulima anayesubiri hivyo anacheza na hasara: mvua moja kubwa inaweza kuozesha vichala, ndege na nyigu wanakula, na kile anachovuna mwishoni ni kidogo kwa sababu maji yamekwenda. Hiyo ni sababu mojawapo ya mvinyo huu kuuzwa kwenye chupa ndogo.

Halafu kuna hesabu. Hamira hula sukari na kutoa alkoholi, na kwa makadirio kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Tuseme juisi ya zabibu zako ilikuwa na gramu 250 kwa lita. Ingechachuka mpaka mwisho, ungepatikana mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, wa asilimia karibu 15. Lebo yako inasema 9, yaani zimeliwa gramu 153 hivi na kazi ikasimamishwa, kwa kawaida kwa kupoza pipa na kuchuja hamira. Kwa mfano huu zimebaki gramu kama 97. Soda ya kola ina gramu 100 na ushei kwa lita, kwa hiyo tofauti ya sukari ni ndogo sana. Kwenye mvinyo mtamu ni vyema kuisoma asilimia ya alkoholi kwa jicho hili. Namba ndogo mara nyingi maana yake ni kwamba uchachushaji ulikatizwa mapema, tarajia wepesi. Namba ya 13 au 14 mara nyingi maana yake zabibu zilikuwa na sukari nyingi kiasi kwamba hamira yenyewe ilichoka, tarajia uzito.

Kinachoutenga mvinyo na sharubati ni uchachu. Riesling ni zabibu yenye asidi nyingi hata ikiiva sana, na hapo ndipo uzuri wake kwenye mavuno ya kuchelewa. Sukari inajaza mdomo, asidi inausafisha, na hamu ya funda la pili inatokana na kule kuvutana. Mvinyo mtamu usio na asidi ya kutosha huchosha kwenye bilauri ya kwanza, hata harufu yake iwe ya peponi. Ukiniuliza mimi natafuta nini kwenye mvinyo wa aina hii, nitakujibu asidi kabla sijataja tunda lolote.

Maneno "mavuno ya kuchelewa" hayana maana moja duniani. Alsace, Ufaransa, sheria ya mwaka 1984 iliweka masharti ya mvinyo unaoitwa Vendanges Tardives. Ujerumani wana Spätlese, na kisa kinachosimuliwa ni cha shamba la Schloss Johannisberg mwaka 1775: mjumbe aliyetumwa kuleta ruhusa ya kuvuna alichelewa, zabibu zikaanza kuoza, wakazikamua hivyo hivyo, na mvinyo uliotoka ukawashangaza. Lakini Spätlese ni daraja la uivaji wa zabibu. Ukiona neno trocken pembeni, mvinyo huo ni mkavu. Juu ya Spätlese kuna Auslese, kisha Beerenauslese, kisha Trockenbeerenauslese ambako zabibu huwa zimenyauka kama zabibu kavu. Eiswein ni jambo jingine, zabibu huvunwa na kukamuliwa zikiwa zimeganda, kwenye baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri au zaidi.

Na lipo kuvu. Botrytis cinerea ni kuvu lile lile la kijivu linaloharibu matunda, ila kwenye zabibu nyeupe zilizoiva, hali ya hewa ikikubali, hufanya kazi ya ajabu. Hutoboa ganda vitundu visivyoonekana, maji yakavukia nje, sukari na asidi vikabaki vimekolea, na kuvu lenyewe likaacha harufu yake. Linataka asubuhi za ukungu na alasiri kavu zenye jua. Unyevu ukidumu siku nzima, ni uozo mtupu. Ndiyo maana mahali pake ni pachache. Huko Sauternes, kusini mwa Bordeaux, Ufaransa, maji baridi ya mto Ciron hukutana na Garonne ulio na joto zaidi, na vuli ukungu hufunika mashamba. Huko Tokaj, Hungaria, kazi hiyo hufanywa na mito Bodrog na Tisza. Wavunaji hupita shamba moja mara kadhaa wakichagua zilizokuwa tayari tu. Château d'Yquem, shamba la huko Sauternes lililopewa daraja la peke yake katika orodha ya ubora wa mvinyo wa Bordeaux ya mwaka 1855, hujulikana kwa kupata kama bilauri moja kwa kila mzabibu, na mwaka 2012 waliona zabibu hazikufikia kiwango wakaacha kabisa kutoa mvinyo wenye jina hilo. Nawaheshimu kwa hilo.

Bila kuvu pia inawezekana. Jurançon, kusini-magharibi mwa Ufaransa, zabibu ya Petit Manseng husinyaa juani juu ya mzabibu na asidi yake haitetereki. Afrika Kusini kuna Constantia, shamba lililoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1685, ambalo mvinyo wake mtamu ulinywewa na wakubwa wa Ulaya, na Napoleon aliupata akiwa kifungoni Saint Helena. Ulipotea, kisha Klein Constantia wakaufufua kwa mavuno ya mwaka 1986 kwa jina la Vin de Constance, kwa zabibu za Muscat. Ukipata nafasi, uweke kando ya Riesling yako. Muscat itakupa waridi na harufu ya zabibu mbichi, Riesling itakupa limau na pichi, na utaelewa kwamba utamu ni kiti tu ambacho aina ya zabibu imekalia.

Haya, chupa yako. Itoe kwenye friji dakika 15 hadi 20 kabla. Riesling nyepesi kama hii iko vizuri kwenye nyuzi 8 mpaka 10. Ile mizito, ya alkoholi asilimia 13 na kuendelea, ipandishe mpaka nyuzi 12. Ikipata joto zaidi ya hapo sukari itakuwa nzito na kunata. Chukua bilauri ya kawaida ya mvinyo mweupe, yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo, mimina mililita 60 tu. Nimeona watu wakipewa mvinyo mzuri kwenye vibilauri vya kidole gumba kwa sababu eti ni mtamu, na kila mara naona ni dhuluma kwa aliyeutengeneza.

Inamisha bilauri juu ya kitu cheupe. Rangi ya katikati na ya ukingo zinatofautiana? Sawa. Michirizi inayoteremka taratibu kwenye kioo isikusumbue. Ni habari ya alkoholi na uzito wa kimiminika, ubora haupimwi hapo.

Kabla ya kuzungusha, nusa. Kisha zungusha, nusa tena. Mara ya kwanza utapata yaliyo mepesi, pengine maua, ganda la limau. Mara ya pili yanakuja mazito. Usihangaike kutafuta majina ya kifahari. Jiulize kwanza: ni tunda? Kama ni tunda, ni bichi, limeiva, limekaushwa, au limepikwa jamu? Aprikoti mbichi na aprikoti kavu ni habari mbili tofauti kabisa, ya pili inakuambia zabibu zilisinyaa sana. Ukipata asali, nta ya nyuki, tangawizi, zafarani, jamu ya machungwa, huenda kuvu lilipita humo. Kuna kiungo kingine kinaitwa sotoloni, kinachopatikana kwenye mivinyo ya kuvu na iliyokaa. Kikiwa kingi kinanukia uwatu, kikiwa kidogo kinanukia sukari iliyoungua. Anayejua uwatu ana faida hapo, ataitambua haraka kuliko anayesoma kitabuni.

Funda lako liwe dogo, la kijiko cha chai kimoja au viwili. Liache lifike kila pembe ya mdomo, vuta hewa kidogo kupitia midomo iliyofumbwa nusu. Utamu utatangulia, na hapo ndipo wengi huhukumu na kumeza. Wewe subiri. Sekunde mbili tatu baadaye uchachu unainuka pembeni mwa ulimi. Meza, inamisha kichwa mbele kidogo, acha mdomo wazi kiasi, na uangalie mate. Yakija mengi na ya haraka, asidi ipo ya kutosha hata kama sukari ilikuzuia kuihisi. Hii ndiyo njia ninayoiamini zaidi ya kupima uchachu wa mvinyo mtamu, kwa sababu ulimi hudanganywa na sukari lakini tezi za mate hazidanganywi.

Sasa sikiliza kinachobaki. Utamu unaondoka mapema. Baada yake kuna nini? Kwenye mvinyo wa kawaida hakuna kitu, au kuna mnato tu kooni. Kwenye mvinyo mzuri harufu inabaki na kuendelea kubadilika: pichi inageuka ganda la chungwa, ganda linageuka chai, na mwisho kuna kitu kama jiwe lililolowa. Wafaransa wana kipimo chake, kodali, ambayo ni sekunde moja ya ladha kubaki baada ya kumeza. Kuhesabu si lazima. Linganisha tu: mdomo wako umekauka na kutamani maji, au umebaki safi na kutamani funda jingine? Wanaousifia mvinyo huu wanasifia hapo, pale sukari iliposhaondoka.

Rudia baada ya dakika kumi, bilauri ikiwa imepata joto kidogo. Riesling ya miaka minane haikai kimya. Ile harufu ya mafuta ya taa huwa mbele mwanzoni, kisha mara nyingi hurudi nyuma matunda yakifunguka.

Kuhusu chakula, kanuni ninayoishika ni moja: kilicho mezani kisiwe kitamu kuliko kilicho kwenye bilauri. Kitindamlo cha matunda yenye uchachu, kisichojaa sukari, kitakwenda vizuri. Chokoleti iache, inaushinda karibu kila mvinyo mweupe. Chumvi ndiyo rafiki mkubwa. Ndiyo siri ya jibini la Roquefort na Sauternes: chumvi na ukali wa jibini vinakutana na sukari, mafuta yake yanakatwa na asidi, na kila upande unatoka ukiwa na ladha zaidi. Kwa Riesling yako nyepesi chagua jibini la bluu lisilo kali sana. Chakula chenye pilipili nacho kinaipenda, kwa kuwa alkoholi ndogo haichochei moto na sukari inautuliza. Hata hivyo, kwa mara hii ya kwanza ningependa uunywe peke yake, baada ya mlo, ukiwa na muda. Na kama mezani kuna mwenye kisukari, ile hesabu ya gramu 97 kwa lita mwambie kabla hujammiminia.

Nusu iliyobaki, izibe vizuri uirudishe kwenye friji. Sukari na asidi huilinda. Wiki moja itakuwa salama bila shida, na mizito ya kuvu huenda mbali zaidi. Ila kila siku hewa inachukua kidogo, maua hutangulia kupotea. Kwa hiyo ningeimaliza ndani ya siku nne tano. Ukiona viputo vimeanza upya, hamira imeamka na inakula sukari tena. Ukisikia siki au rangi ya kucha kwa nguvu, bakteria wameshaingia na hapo haunyweki tena.